Gazeti la watu wa reli

Amtrak ilipoanza kusafirisha abiria Marekani, tarehe 1 Mei 1971, ilirithi huduma za kampuni 20 za reli, kila moja na sare na mazoea yake. Wafanyakazi wenye asili tofauti hivyo hawaunganishwi kwa amri tu. Ndiyo maana nalipongeza jarida lao la wafanyakazi, Amtrak NEWS, na Amtrak Ink lililokuja baadaye. Fundi wa karakana ya Beech Grove, Indiana, asiyewahi kupanda treni ya Seattle, aliwajua wenzake kupitia kurasa zile. Napenda zaidi orodha za waliotumikia miaka mingi: makondakta, mafundi, wapishi, majina yasiyofika magazetini. Nakala za zamani zimehifadhiwa, na umma unaweza kuzisoma.