Jicho la Mkaguzi wa Ramani

Mwenye duka la zamani anapotaka kuvunja ukuta, kuongeza ghorofa au kugawa sehemu ya mbele kuwa fremu za kupangisha, ramani yake hupelekwa halmashauri kuombewa kibali. Yuko mtu huko anayeikagua. Akiikagua vibaya, watu hushtuka mji ukiwa umeshageuka. Akiikagua vizuri, hakuna anayemkumbuka, kwa kuwa jengo linaendelea kusimama na biashara inaendelea. Nauheshimu sana ufundi huu, na naamini Iringa na Mbeya zinauhitaji kuliko miji mingi ya nchi hii.

Sababu iko kwenye tarehe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. Mwaka huo mji wa Iringa tunaoujua haukuwapo: Wajerumani waliuanzisha 1896, miaka miwili baada ya kuiangusha ngome ya Chifu Mkwawa pale Kalenga. Mbeya ni changa zaidi, ya 1927, iliyokua kwa dhahabu ya Lupa. Kwa hiyo duka lililojengwa katika miji hii miwili, hata liwe la kwanza kabisa mtaani, halina ulinzi wowote wa umri mpaka litangazwe rasmi. Sheria hiyohiyo inautambua mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940, hivyo mlango unaweza kupata ulinzi ambao ukuta unaoubeba hauna. Kilichobaki ni kibali cha ujenzi, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na mtu mwenye jicho.

Jicho hilo huanzia mtaani. Siku hizi maombi ya vibali hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na afisa anaweza kuisoma ramani nzima bila kunyanyuka kwenye kiti. Mkaguzi hodari hunyanyuka. Hulitazama jengo kwanza kutoka ng'ambo ya barabara, pamoja na majirani zake, kwa sababu maduka ya Kihindi ya katikati ya Iringa, kuelekea soko na jamatikhana ya Waismailia yenye mnara wa saa, hayakujengwa kushindana. Milango inafuatana kwa nafasi zinazolingana, mapaa yanakaribiana kimo, baraza ya huyu inapokea baraza ya yule. Mpango wa ndani nao unajulikana: duka mbele, familia nyuma au juu, halafu ua wenye jiko na stoo. Mkaguzi anajiuliza ni kipi hapa kikiondoka jengo litakuwa limekwenda, na ni kipi kinaweza kubadilika bila mtaa kuhisi pengo.

Kisha anausogelea ukuta na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Penye sauti ya uwazi, plasta imeachana na tofali. Kuta nyingi za enzi hizo ni za mawe au matofali ya kuchoma, zilizoungwa kwa udongo au chokaa. Chokaa hupitisha hewa, na unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kidogo kidogo kupitia humo. Fundi wa leo akibandua plasta ya chokaa na kupiga ya saruji, kazi hupendeza siku ya kukabidhiana. Lakini maji yamezibiwa njia. Yanabaki ndani ya tofali, na baada ya misimu michache ya mvua rangi inavimba, plasta inaanguka na tofali linageuka unga. Kwa hiyo neno moja dogo kwenye ramani, “plasta mpya”, linamtosha mkaguzi kuuliza: plasta ya nini?

Anasoma pia yale ambayo ramani haikuyachora. Mahali penye milango mitatu, mchoro unaonyesha fremu sita. Nguzo za katikati zimekwenda wapi, na mzigo wa paa utashukia wapi? Ghorofa ya pili imechorwa kwa mistari safi, lakini msingi uliopo ulichimbwa kubeba bati na kenchi za mbao, si jamvi la zege. Kwetu Nyanda za Juu Kusini swali hili lina uzito wa pekee, maana tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Kuuliza juu ya msingi ni kumlinda mpangaji atakayelala juu ya duka hilo.

Panapohitaji subira kuliko pote ni kwenye baraza. Mwenye jengo anaona eneo la bure: akiliziba kwa vioo, anapata fremu mbili za ziada. Mpita njia anaona pa kujisitiri mvua ya Januari, pa fundi cherehani kuweka mashine yake, pa mama kutua mzigo akisubiri daladala. Wote wawili wana haki. Mkaguzi dhaifu atapiga mhuri wa kukataa, au wa kukubali, kisha atafunga jalada. Mwenye ufundi atamwita mwenye jengo wakae.

“Kamwene, mzee. Hizi fremu mbili za barazani, unazitafutia nini hasa?”

Mara nyingi jibu la kweli haliko kwenye ramani. Ni mkopo, ni ada za wajukuu, ni paa linalovuja lisilo na pesa ya kulitengeneza. Hapo ndipo njia nyingine huonekana: kufungua kichochoro cha pembeni na kuzipanga fremu nyuma, zitazame uani, huku baraza ikibaki wazi. Kazi ya mkaguzi hapo inafanana na ya fundi anayepunguza koti la marehemu baba ili mtoto alivae: anakata kwenye mishono, na kola haigusi.

Baada ya mazungumzo yanakuja masharti, na hapa uandishi wenyewe ni sehemu ya ufundi. “Asiharibu mwonekano” ni sharti lisilomsaidia mtu, kwa sababu kila fundi ana mwonekano wake. Sharti zuri linapimika: milango mitatu ya mbao ibaki mahali pake, plasta ya mbele iwe ya chokaa, ghorofa ya nyongeza irudi nyuma mpaka isionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Likiandikwa hivyo kabla ya mchanga kumwagwa, hakuna haja ya kuja baadaye na rangi nyekundu kuandika ukutani kwamba ujenzi usimame.

Misingi hii inajulikana duniani. Mwaka uleule wa 1964, ilipotungwa Sheria ya Mambo ya Kale, wataalamu waliokutana Venice walikubaliana kwamba nyongeza ya lazima ijulikane kuwa ni mpya, isijifanye ya kale. Zanzibar ina mamlaka yake ya Mji Mkongwe tangu 1985, na mji huo uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib mjini humo iliporomoka Desemba 2020. Hadhi pekee haishikilii ukuta. Unashikiliwa na uangalizi wa kila msimu. Iringa nayo ina somo lake: Boma la Mjerumani, lililotumika miaka mingi kama ofisi za serikali, tangu 2016 ni makumbusho. Jengo limepewa kazi mpya bila kupoteza sura yake. Duka nalo linaweza kufanyiwa hivyo.

Kinachonitia wasiwasi ni uhamisho. Afisa aliyeijua kila baraza ya mtaa anapelekwa wilaya nyingine, na ujuzi wake unaondoka naye. Halmashauri za Iringa na Mbeya zinaweza kuuzuia upotevu huo kwa gharama ndogo: orodha ya majengo ya zamani ya biashara, kila moja na picha zake, vifaa vilivyolijenga, na maelezo mafupi ya kipi kisiguswe na kipi kinaweza kubadilika. Mwenye jengo apewe nakala kabla hajamlipa mchoraji. Hapo atafika ofisini akijua anachoweza kuomba, na mkaguzi mgeni ataanzia pale mwenzake alipoishia.