Usiangalie Upanga, Angalia Nyonga

Anayeanza kukagua askari wa plastiki aliyebadilishwa umbo hukimbilia upanga. Au mbawa, au bunduki yenye midomo mitatu: chochote kilichoongezwa. Mimi naanzia nyonga.

Askari wengi wa michezo ya vita ya mezani huuzwa vipandevipande, vikiwa bado vimeshikamana na fremu yake: viwiliwili huku, mikono kule, vichwa pembeni. Kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilipotoa kisanduku cha kwanza cha Space Marines wa plastiki mwaka 1987, ndani mlikuwa na askari 30 wa kuunganisha mwenyewe, na mkono wa huyu uliweza kuvaliwa na yule. Kwa hiyo kuhamisha mkono si ufundi, ni gundi tu. Ufundi uko kiunoni, maana mtu akiinua mkono mwili mzima hupata habari.

Simama uegemee mguu mmoja ujionee. Nyonga ya mguu uliobeba uzito hupanda, ya mguu uliolegea hushuka, na mabega huinama kinyume chake. Sasa mrudie askari wako. Kama amesimama tu, teremsha uzi wa kuwazia kutoka kishimo cha koo. Uangukie kwenye unyayo unaobeba uzito, au katikati ya miguu ikiwa yote miwili imebeba. Uzi ukiangukia nje, naye hakimbii wala haegemei kitu, basi anaanguka, fundi apende asipende.

Fundi wa kawaida hubandika mkono wa kurusha mkuki kwenye kiwiliwili cha mlinzi wa lango. Mkono unarusha, tumbo liko zamu. Fundi hodari hukata kiuno kwa msumeno mwembamba, akakizungusha nyuzi 10 au 15, kisha akaziba pengo kwa puti ya epoksi. Alichofanya hukioni. Unachoona ni mtu anayerusha mkuki.

Baada ya nyonga, unene. Askari wa milimita 28, kimo kilichozoeleka leo, ana milimita moja kwa takriban sentimita sita za mtu halisi. Piga hesabu hiyo kila unapoona puti. Joho lenye unene wa milimita moja si joho tena, ni godoro. Mkanda uliofinyangwa bila haraka huwa mwembamba hata ukaogopa kuushika, na hapo ndipo subira ya fundi hujulikana. Wengi hukomea kwenye godoro kwa sababu puti nene ni rahisi kuifinyanga, nao husema rangi itasaidia. Haisaidii.

Puti yenyewe ina tabia zake. Ile ya kijani, inayopatikana kwa kukanda ya bluu na ya njano, hunyumbuka kama mpira hata ikishakauka. Kwa mikunjo ya nguo na manyoya haina mpinzani, lakini ukiipiga tupa inachanika nyuzinyuzi. Kwa hiyo ukikuta bamba la deraya lenye kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, ujue fundi alitumia puti ya nguo kutengenezea chuma. Mwenzake angechukua puti ya Milliput, ambayo hukauka ikawa ngumu na kukubali msasa, au angekata tu karatasi ya plastiki. Chuma kinataka kona.

Viungo navyo. Gundi ya plastiki huyeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja; supagluu hushika juujuu tu, na askari akianguka mezani mkono hukatikia palepale. Kwa kiungo chembamba, kama kifundo cha mguu, muulize mwenye askari kama amepitisha waya ndani. Asiyejua unauliza nini hakupitisha.

Kichwa ndicho mtego mkubwa kwa wachanganyaji. Askari wa Warhammer, mchezo wa Games Workshop, wametiwa chumvi makusudi, vichwa na viganja vikubwa ili vionekane kutoka upande wa pili wa meza. Wale wa kampuni ya Perry Miniatures wana maungo yaliyo karibu zaidi na ya mtu. Chukua kichwa cha Perry ukiweke juu ya mabega ya Warhammer, umepata jitu lililoazima kichwa cha mtoto wa jirani, ingawa wote wawili huitwa wa milimita 28.

Yote haya yaangalie kabla ya rangi, ikiwezekana. Aliyewahi kununua gari lililotumika anajua kwa nini tunagonga bodi kwa kifundo cha kidole: puti husema chini ya rangi nzuri. Askari mtupu, plastiki ya kijivu na mabaka ya kijani, hana pa kujificha. Nina shaka kidogo na fundi asiyepiga picha hatua hiyo.

Na usisahau huyu ni wa kuchezwa. Mpinzani aliye upande wa pili wa meza lazima atambue huyo ni mpiga upinde au mpanda farasi bila kuuliza. Mapambo yakizidi hata silaha haionekani, kazi imeharibika, iwe imefinyangwa kwa ustadi gani.

Niliyemhusudu kuliko wote alikuwa askari wa miguu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katikati ya kikosi cha wenzake zaidi ya 20 wanaosonga mbele. Nilimgeuzageuza nikitafuta mkato nisiuone. Mwenyewe akanionyesha kwa ncha ya kibano: shingo imezungushwa na bega la kushoto limeshushwa kidogo. Wenzake wote wanatazama mbele. Yeye anamtazama aliyeanguka nyuma yake, huku miguu ikiendelea na safari.