Sungura Aliyebaki Peke Yake

Katika banda la sungura wawili, mmoja akifa, wenye nyumba hukimbilia mambo mawili: kumzika upesi kabla watoto hawajarudi kutoka shule, na kutafuta wa kuziba pengo. Kwa aliyebaki, haraka zote mbili zina madhara. Nawaandikia hasa wanaofuga uani hapa Chumbageni, Tanga, ambako mtoto humpa sungura wake jina na kumlilia akifa. Yule mzima husahaulika, naye ndiye aliye hatarini.

Hatari iko tumboni. Sungura hula kidogo kidogo usiku na mchana, na nyuzinyuzi za majani ndizo zinazousukuma utumbo wake. Akifiwa anaweza kujikunyata pembeni asiguse chakula. Utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, na maumivu yanamfanya akatae chakula zaidi. Hivyo ndivyo anavyoweza kumfuata mwenzake baada ya siku chache, watu wakasema kafa kwa majonzi. Kagua kinyesi chake asubuhi na jioni. Vidonge vikiwa vidogo, vikavu na vichache, usipuuze. Akimaliza saa 12 bila kula kabisa, mpigie daktari wa mifugo muda huohuo, na umweleze mwenzake alikufaje. Sungura mgonjwa na sungura mwenye huzuni hukaa mkao uleule, na huenda maradhi yaliyomuua wa kwanza tayari yamo kwa wa pili.

Kama hakuna shaka ya ugonjwa wa kuambukiza, mzoga uachwe bandani kwa muda, saa moja au hata mbili tatu. Sungura humtambua mwenzake kwa harufu. Atamnusa, pengine atamlamba au kumsukuma kwa pua, kisha atajiondoa mwenyewe. Wafugaji wazoefu wameona kuwa anayenyimwa nafasi hiyo mara nyingi huhangaika zaidi kutafuta. Kwa joto letu la Tanga, hasa Januari hadi Machi, jambo hili lifanyike kivulini, na mtu akae karibu kuzuia sisimizi.

Kuhusu kumrudisha kwenye chakula, tukio ninalolifikiria kila mara ni la Haller Park, Mombasa. Mwishoni mwa Desemba 2004 aliletwa pale mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya kutengana na kundi lake wakati wa tsunami. Alikimbia moja kwa moja akajibanza nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa aina ya Aldabra. Mzee alimkwepa, Owen hakubanduka. Majani aliyowekewa hakuyagusa, hadi alipomwona Mzee akila, naye akaanza. Paula Kahumbu, aliyekuwa meneja wa hifadhi hiyo, na mtunzaji Stephen Tuei hawakuwatenganisha. Naona huo ndio ulikuwa uamuzi wa maana kuliko yote: chakula kilikuwepo tangu mwanzo, kilichokosekana ni wa kula naye.

Kwa hiyo usimwekee sungura majani ukaondoka. Kaa chini karibu naye saa anazozoea kula, alfajiri na magharibi, umpe kwa mkono ukoka, matembele au kitu chenye harufu kali kama giligilani. Usimbebebebe, usimhamishe, na matandiko yenye harufu ya mwenzake yasitupwe siku hiyohiyo.

Lakini kobe hakumtosha kiboko. Mwaka 2007 Owen alikutanishwa na Cleo, kiboko mwenzake. Binadamu naye hamtoshi sungura, hata ampende vipi: hamlambi masikio, wala halali naye usiku kucha. Akishaanza kula vizuri na uzito ukatulia, mtafutie mwenza. Jike na dume aliyehasiwa ndio hupatana kwa urahisi zaidi. Madume wawili wasiohasiwa huumizana vibaya, na jike na dume wasiohasiwa watakupa watoto baada ya siku kama 31. Hata dume aliyehasiwa huweza kutia mimba kwa wiki kadhaa za mwanzo, basi asubiri.

Kosa kubwa ni kumtumbukiza mgeni ndani ya banda la mwenyeji. Waanze kwa kuonana kupitia wavu, huku ukiwabadilishia matandiko yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Kisha wakutane mahali pasipo pa yeyote, barazani au bafuni, kwa muda mfupi, katikati pakiwa na rundo la majani. Kufukuzana kidogo si neno. Wakiumana na kubingirika, watenge kwa taulo au ufagio, maana mkono utang'atwa. Wengine huzoeana kwa siku chache, wengine kwa wiki nyingi. Wakianza kulambana na kulala pamoja, lioshe banda la zamani kwa maji na siki, badilisha nafasi ya vyombo, uwaingize wote wawili kwa wakati mmoja.