Imani Iliyogeuka Rangi: Uhakiki wa Picha za Miguel Cabrera za Mwaka 1763
Mwaka 1763, Miguel Cabrera, mchoraji wa Jiji la Mexico, alichora mfululizo wa picha 16 za wazazi wa asili mbalimbali na watoto wao, kila mtoto akitajwa tabaka lake. Kwa juu juu, picha hizo ni orodha ya rangi za ngozi. Hata hivyo, jina *morisca*, alilopewa binti wa Mhispania na chotara mwenye asili ya Kiafrika, linadhihirisha chimbuko jingine. Nchini Hispania, jina hilo liliwahusu Waislamu waliobatizwa na wazawa wao, waliofukuzwa kuanzia 1609. Kabla ya hapo, sheria ya Toledo ya 1449 iliwanyima vyeo Wakristo wenye nasaba ya Kiyahudi. Ubatizo haukufuta damu. Katika koloni, shaka juu ya imani ilihamia kwenye rangi: uzao wa Wenyeji wa Amerika uliweza kurejea Uhispania katika kizazi cha tatu, ilhali mwenye asili ya Kiafrika, hata akiwa na baba Mhispania, aliitwa *torna atrás*, yaani anayerudi nyuma. Upole wa familia anazozichora Cabrera unaifunika hukumu hiyo, wala hauipingi.