Roho Mtakatifu na roho takatifu: Upatanisho wa Kisarufi na Imani Zisizokubali Utatu katika Kiswahili cha Kamembe

Ikisiri
Makala hii inahakiki namna upatanisho wa kisarufi unavyobeba itikadi katika matini za Kikristo za Kiswahili zinazosomwa Kamembe, wilayani Rusizi. Inalinganisha Biblia ya Union Version na Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi wa Yehova, kisha inaitazama lugha ya Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu pekee. Hoja kuu ni kwamba chombo cha umma kikiliita umbo mojawapo “sanifu” na jingine “kosa”, huwa kimeamua suala la imani bila kujua.

1.0 Utangulizi
Mabishano kuhusu Utatu yana umri wa karne nyingi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikataa mafundisho ya Ario kwamba Mwana aliumbwa, na ule wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukathibitisha uungu wa Roho. Mabishano hayo yaliendeshwa kwa Kigiriki, lugha ambayo neno lake la roho, pneuma, ni la jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. Lilipofika katika Kiswahili lilikutana na sarufi ya aina nyingine. Anayesema Kiswahili hawezi kuweka kivumishi baada ya nomino “roho” bila kuchagua ngeli. Akisema “mtakatifu”, ameiingiza roho katika A-WA, ngeli ya watu na viumbe hai. Akisema “takatifu”, ameiacha katika I-ZI pamoja na nguvu, nuru na pumzi.

Kamembe ni mahali pafaapo kuchunguza jambo hili. Mji huo unatazamana na Bukavu, na mto Ruzizi ndio mpaka. Kiswahili cha wafanyabiashara wanaovuka daraja hukutana huko na Kinyarwanda cha ibada na, tangu mwaka 2017, na Kiswahili kilichotangazwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Ukristo nao una mizizi mirefu katika eneo hilo: misheni ya Mibirizi ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903.

2.0 Ngeli mbili, imani mbili
Tafsiri ya Ulimwengu Mpya inaandika “roho takatifu” kwa herufi ndogo na kwa upatanisho wa I-ZI. Uamuzi huu unalingana na fundisho la Mashahidi wa Yehova kwamba roho hiyo ni nguvu ya Mungu inayotenda kazi, wala si nafsi. Wakosoaji wengi huishia kwenye herufi ndogo, hasa ile ya neno “mungu” katika aya ya kwanza ya Injili ya Yohana. Lakini herufi huonwa na msomaji tu, ilhali upatanisho husikika hata na asiyejua kusoma. Katika jamii ambayo Maandiko husikilizwa zaidi kuliko yanavyosomwa, uzito uko kwenye kiambishi.

Uthibitisho kwamba uteuzi huo ni wa kiitikadi unapatikana katika machapisho ya Mashahidi wenyewe. Wanapowataja malaika waasi husema “roho waovu”. Nomino ni ileile, ila sasa imeingia A-WA kwa sababu malaika, katika imani yao, ni nafsi zenye akili. Kwa hiyo sarufi yao haina uzembe wala upungufu. Inatofautisha kwa makusudi roho iliyo nafsi na roho isiyo nafsi, na hutumia nyenzo ambayo Kiswahili kinayo tayari: ileile inayotufanya tuseme “kipofu amefika” badala ya “kipofu kimefika”.

Hata hivyo, uteuzi huo una gharama. Katika Matendo 13 roho inasema na kutoa agizo, na katika sura za 14 hadi 16 za Yohana inaitwa kwa jina la mtu anayesaidia. Nomino yoyote ya Kiswahili yenye maana hiyo huvuta A-WA. Mfasiri anayeshikilia I-ZI analazimika hapo ama kubadilisha upatanisho katikati ya maelezo, ama kuchukulia usemi mzima kuwa tashihisi. Tashihisi ni mbinu halali, lakini msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini itumike hapo na isitumike kwingine.

3.0 Union Version nayo haina mkono mmoja
Itakuwa kosa kudhani kwamba upande wa Utatu umekuwa thabiti. Union Version ya mwaka 1952 inatumia A-WA katika simulizi la ubatizo wa Yesu, Mathayo 3:16, ambapo Roho “wa” Mungu anashuka. Lakini katika aya ya pili ya Mwanzo, Roho ni “ya” Mungu, na kitenzi kinachoifuata kinabeba kiambishi cha I-ZI. Herufi kubwa ipo kote kuwili. Ngeli ndiyo iliyobadilika.

Badiliko hilo linaweza kutetewa: mwandishi wa Mwanzo hakuwa na fundisho la Utatu mbele yake, na neno lake la Kiebrania lina maana ya upepo na pumzi pia. Utetezi huo ukikubaliwa, lakini, unakubali pia kwamba “roho ya” ni Kiswahili fasaha katika Biblia ya Waamini Utatu wenyewe. Anayemkosoa Shahidi wa Yehova kwa kuharibu sarufi atakuwa amewakosoa na watafsiri wa Union Version.

4.0 Umbo moja, imani tofauti
Kundi la pili lisilokubali Utatu linaonyesha mpaka wa hoja ya ngeli. Wapentekoste wa Jina la Yesu, pamoja na wafuasi wa William Branham (1909–1965), ambaye ujumbe wake umeenea sana Kongo, husema “Roho Mtakatifu” kama Wakatoliki na Waanglikana wasemavyo. Wanachokataa ni nafsi tatu. Kwao, Baba, Mwana na Roho ni Mungu mmoja aliyejidhihirisha kwa namna mbalimbali. A-WA yao inathibitisha kwamba Roho ni Mungu mwenyewe, si kwamba ni nafsi ya tatu.

Neno “nafsi” lenyewe linaongeza utata. Katika katekisimu linataja kila mmoja wa watatu. Katika Zaburi ni roho au uhai wa mwimbaji. Darasani ni istilahi ya sarufi, na “nafsi ya tatu” ni yule anayesemwa. Mwanafunzi anayesikia maana zote hizo kwa juma moja hawezi kulaumiwa akidhani kwamba nafsi tatu ni watu watatu.

5.0 Kamembe kati ya lugha
Katika aina nyingi za Kiswahili cha Kongo, kihusishi “ya” huenea hata kwenye nomino za watu. Msemaji wa namna hiyo anaposema “Roho ya Mungu” sokoni Kamembe, hajakiri wala kukana chochote. Mashahidi wenyewe wameitambua tofauti hiyo ya lugha, kwani wana tafsiri ya pekee kwa Kiswahili cha Kongo, iitwayo Tafsiri ya Dunia Mpya.

Kinyarwanda kinakamilisha picha. Wakatoliki husema “Roho Mutagatifu”, umbo lililotoka katika Kiswahili pamoja na upatanisho wake wa mtu. Wamisionari hao wa mwanzo walitumia pia “Mungu” kwa miaka mingi kabla Kanisa lao halijakubali “Imana”. Waprotestanti husema “Umwuka Wera”, na Mashahidi huandika maneno hayohayo kwa herufi ndogo. Hivyo Mprotestanti na Shahidi, ambao masikio hayawatofautishi kwa Kinyarwanda, hutofautishwa papo hapo wanapohamia Kiswahili sanifu.

6.0 Athari kwa sera
Historia inaonya dhidi ya kusoma siasa ndani ya msamiati wa imani. Utawala wa Kibelgiji uliiogopa Kitawala, iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower, na jina lake lililokaribiana na kitenzi “kutawala” halikupunguza hofu hiyo. Uasi wa Masisi wa mwaka 1944 uliikoleza. Nchini Rwanda, mwaka 1986, Mashahidi wa Yehova walihukumiwa vifungo pamoja na Abarokore, ambao hawaukatai Utatu. Kosa lililowaunganisha machoni pa dola lilihusu utii kwa chama tawala na alama zake. Mashahidi walipata usajili mwaka 1992, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, msimamo wao wa kutoshika silaha uligharimu maisha ya baadhi yao.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya kidini imeleta sharti la elimu ya juu ya dini kwa viongozi. Sharti hilo linaipa lugha ya vyuo, mitaala na kamusi uzito mpya. Kadiri Kiswahili kinavyoingia katika shughuli za umma nchini, ndivyo wahariri na wakalimani watakavyokutana na maumbo haya mawili. Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa: kamusi ziorodheshe “Roho Mtakatifu” na “roho takatifu” kama maumbo mawili yenye maana mbili, wakalimani wa mahakama na ofisi wahifadhi upatanisho alioutumia msemaji, na vitabu vya shule visitumie “roho takatifu” kama mfano wa kosa la ngeli.

7.0 Hitimisho
Kiswahili hakikubali wala kukataa Utatu. Kinamlazimisha kila mfasiri aonyeshe upande wake kwa silabi moja. Kazi ya mhakiki ni kuisoma silabi hiyo kwa haki, na kazi ya mshauri wa sera ni kuhakikisha kwamba haigeuki kipimo cha uraia wa mtu.