Msemaji Mmoja, Lugha Ngapi? Uhakiki wa Modeli za Kihisabati za Ushindani wa Lugha kwa Kipimo cha Ujiji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki modeli ya kihisabati ya Abrams na Strogatz (2003) kuhusu kufa kwa lugha, pamoja na marekebisho ya Mira na Paredes (2005), kwa kuipima dhidi ya historia ya Kiswahili mjini Ujiji. Yanadai kwamba modeli hiyo huichukulia hadhi ya lugha kuwa jambo lililokwisha kuwapo, ilhali Ujiji hadhi ndiyo iliyokuwa ikijengwa na watu walioingia katika lugha hiyo. Yanapendekeza kwamba kizio cha kuhesabia kiwe tukio la mazungumzo badala ya msemaji.

1. Utangulizi

Kata ya Kasingirima iko upande wa Ujiji katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Katika mji huo mkongwe Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa watu wengi ambao babu zao hawakuwa na asili ya pwani. Baadhi ni wa ukoo wa Waha. Wengine ni wa uzao wa watu waliovuka ziwa kutoka mashariki ya Kongo. Namna watu wa asili tofauti hivyo walivyokuja kuwa jamiilugha moja ni swali la siku nyingi katika isimujamii na historia. Katika miaka ya karibuni maswali ya aina hii yamepata wajibuji wapya, yaani wanahisabati na wanafizikia wanaoeleza mienendo ya makundi kwa milinganyo.

Kazi zao zinastahili kuhakikiwa kwa sababu majibu yake hayaishii katika majarida. Modeli inapotabiri kwamba lugha ndogo haina budi kufa, utabiri huo unaweza kugeuzwa kuwa hoja ya kutoiandikia kamusi lugha hiyo, kutoifanyia utafiti na kutoirithisha kwa watoto. Kwa lugha kama Kiha, ambayo haifundishwi shuleni, hoja hiyo si jambo dogo.

2. Modeli na madai yake

Abrams na Strogatz walichapisha modeli yao katika jarida la Nature mwaka 2003. Wanaigawa jamii katika mafungu mawili: x ni uwiano wa watu wanaosema lugha X, na y, yaani 1 − x, ni uwiano wa wanaosema lugha Y. Kasi ya watu kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine hutegemea mambo mawili, yaani wingi wa wasemaji wa lugha inayohamiwa na hadhi yake. Hadhi ya X huwakilishwa na s, ambayo ni namba kati ya 0 na 1. Kwa muhtasari:

dx/dt = c[y·xᵃ·s − x·yᵃ·(1 − s)]

Kipeo a hupima uzito wa wingi wa wasemaji, na c huweka kiwango cha kasi. Modeli ilipolinganishwa na takwimu za maeneo 42, yakiwamo ya Kigaeliki cha Uskoti, Kiwelishi cha Wales na Kiquechua cha Peru, thamani ya wastani ya a ilikuwa 1.31. Kipeo kikizidi 1, mlinganyo huo hauna mahali pa katikati penye utulivu: mwishowe lugha moja hubaki na nyingine hutoweka.

Waandishi hao hawakudai kwamba matokeo hayo ni kudura. Walionesha kwamba sera, elimu na matangazo vinaweza kuipandisha hadhi ya lugha iliyo hatarini na kubadili mkondo wake. Mira na Paredes (2005), wakitumia mfano wa Galicia nchini Hispania, waliongeza fungu la tatu la watu wanaosema lugha zote mbili, pamoja na kigeu cha ufanano baina ya lugha. Kwa mujibu wao, lugha mbili zinaweza kudumu pamoja iwapo zinafanana vya kutosha. Marekebisho hayo ni ya maana, lakini yanaacha bila kuguswa dhana mbili za msingi: kwamba hadhi ni namba isiyobadilika, na kwamba kila mtu ana fungu moja la kuhesabiwa.

3. Hadhi inayotengenezwa

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, misafara ya pwani ilikwisha kufika huko kupitia Tabora. Watu wa pwani waliokuwapo walikuwa wachache. Modeli ikitumiwa kwa hali hiyo, hesabu yake ni nyepesi. Iwapo a ni 1.31 na hadhi ya lugha ngeni ni 0.6, lugha hiyo haiwezi kukua mpaka iwe tayari imefikia takriban 21% ya wasemaji. Ikiwa chini ya hapo, itatoweka. Iwapo hadhi ni 0.8, kizingiti hushuka hadi karibu 1%.

Tofauti hii inafichua udhaifu mkubwa. Modeli inaweza kukubali kuenea kwa Kiswahili kutoka kwa wasemaji wachache kwa sharti kwamba kilikuwa na hadhi kubwa mno tangu mwanzo. Lakini thamani ya s hupatikana kwa kuilinganisha na matokeo yaliyokwisha kutokea. Basi kusema kwamba Kiswahili kilienea kwa kuwa s yake ilikuwa 0.8 ni kulirudia swali kwa tarakimu. Hadhi hiyo ilitoka wapi, na nani aliyeitoa?

Historia ya neno muungwana inatoa jibu ambalo mlinganyo hauna nafasi nalo. Katika matumizi ya pwani neno hilo lilimtenga mtu huru na mtumwa. Katika nchi za ziwa na Manyema, waungwana walikuja kuwa watu wa misafara waliosema Kiswahili, waliovaa kama watu wa pwani na kufuata desturi za Kiislamu, na wengi wao walikuwa na asili ya utumwa. Jina Kingwana, linalotumiwa kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, limehifadhi alama ya mageuzi hayo. Watu hawa hawakuikuta hadhi ikiwa tayari na kuvutwa nayo. Waliidai, na kwa kuidai waliipanua. Kwa lugha ya kihisabati, s haikuwa kisababishi cha nje tu. Ilikuwa pia zao la x, na zaidi ya hapo ilitegemea ni akina nani waliohesabiwa ndani ya x.

Aidha, ukuaji wa Kiswahili Ujiji haukutokea katika jamii iliyofungwa yenye lugha mbili. Wagoma, Wabwari, Wakusu, Wabangubangu na wengineo walifika wakiwa na lugha mbalimbali, na jina la pamoja la Wamanyema lilipata uzito wake safarini na mjini. Kwao Kiswahili hakikuwa mshindani wa lugha moja. Kilikuwa daraja baina ya lugha nyingi. Arens (1975), akichunguza Mto wa Mbu, alionesha kwamba hata Tanzania ya kaskazini jina Waswahili liliweza kuwakusanya watu wa makabila mengi walioishi pamoja. Mchakato wa namna hiyo huunda kundi. Mlinganyo unaoanza na makundi mawili yaliyokwisha kuundwa hauwezi kuueleza.

4. Nani anahesabiwa, na kwa alama gani?

Mwambao huohuo wa Ziwa Tanganyika una mfano ambapo hisabati ya makundi imefanya kazi vizuri. Katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini mwa Kigoma, Feldblum na wenzake (2018) walitumia uchambuzi wa mitandao ya kijamii kuchunguza mgawanyiko wa jamii moja ya sokwe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuwa makundi ya Kasakela na Kahama. Kutokana na kumbukumbu za nani alionekana na nani, waliweza kufuatilia ufa ulivyopanuka na kuuhusisha na ushindani wa madume wa vyeo vya juu.

Mafanikio hayo yana masharti. Watafiti walikuwa na kumbukumbu za kila siku, na kundi la sokwe lilitambulika kwa ukaribu unaoonekana kwa macho. Kwa binadamu, kuwa pamoja si sawa na kuwa wamoja. Katika Ujiji ya karne ya 19 bwana na mtumwa waliweza kulala chini ya paa moja na kula chakula cha jiko moja. Mtandao wa ukaribu ungewaweka katika fundo moja, ilhali jambo zito kuliko yote katika maisha yao lilikuwa mpaka uliowatenga.

Upande wa takwimu nao una pengo. Mwaka 1967, serikali ilipoifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ndipo pia sensa ya Tanzania ilipouliza kabila kwa mara ya mwisho. Sensa zilizofuata hazikuwagawa watu kwa makabila. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito za ujenzi wa taifa, lakini umemnyima mwanamodeli mfululizo wa x anaouhitaji. Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetoa makadirio yenye manufaa, ila kadirio la wakati mmoja haliwezi kuonesha mwenendo. Hata sensa ingeuliza lugha, jibu moja kwa mtu mmoja lisingetosha.

5. Pendekezo: kuhesabu matukio

Ichukuliwe, kwa mfano, mchuuzi wa dagaa wa Kasingirima. Anaweza kusema Kiha na mteja aliyetoka kijijini, Kiswahili shuleni kwa mwanawe na msikitini, na kuchanganya lugha anapopatana bei na mtu wa ng'ambo ya ziwa. Kumweka katika fungu la x au y ni kupoteza habari. Kumweka katika fungu la tatu la wasemaji wa lugha mbili ni kuificha.

Iwapo kizio kitakuwa tukio la mazungumzo, na kila uwanja wa matumizi ukapewa x yake na s yake, mlinganyo uleule wa Abrams na Strogatz hutoa tokeo tofauti. Kiswahili kinaweza kushinda kabisa shuleni na Kiha kikashinda kabisa katika mazungumzo na wazee, bila lugha yoyote kutoweka katika jamii. Uwili-lugha unaodumu hauhitaji basi lugha zifanane. Unahitaji nyanja zibaki zimetengana. Hapo modeli inaelekeza pa kutazama: hatari kwa Kiha haipo katika idadi ya wanaojua Kiswahili, ipo pale uwanja mmoja, yaani mazungumzo ya mzazi na mtoto mchanga, unapovuka kizingiti. Hilo mtafiti anaweza kulichunguza, nyumba kwa nyumba, bila kumuuliza mtu kabila lake.

6. Hitimisho

Modeli za kihisabati zina fadhila moja ambayo maelezo ya kawaida hayana: humlazimisha mtafiti kutaja dhana zake waziwazi, hata zikaweza kukanushwa. Historia ya Ujiji inakanusha mbili kati ya hizo. Hadhi haikuwa namba iliyowasubiri watu, na msemaji hakuwa mali ya lugha moja. Wanaisimu wa Kiswahili hawana sababu ya kuikimbia hisabati. Wana wajibu wa kuiambia ihesabu nini, kabla haijatangaza ni lugha ipi itakayozikwa.