Mbegu ya Kibuyu

Pembeni mwa kibanja cha bibi mmoja wa Rugu, migomba inapoishia, kuna kibuyu kilichopanda mparachichi mpaka juu. Jioni kuku wakishaingia bandani, maua yake meupe hufunguka. Nondo huyajia gizani, na asubuhi yamekwishanyauka. Ua jike unalijua kwa kibuyu kichanga chenye malaika kilichokaa nyuma yake. Mjukuu akinyoosha mkono kukigusa, bibi humzuia: “Acha, baba, bado hakijajua kitakuwa nini.”

Kinachoning'inia hutoka na shingo iliyonyooka, hicho ni cha kuwekea rubisi, pombe ya ndizi. Kinacholala chini hupinda, nacho hupasuliwa kikawa kata za kuchotea maji. Bibi hakichumi mpaka kikonyo kikauke chenyewe na mbegu zilie ndani kikitikiswa; ukiwahi, kinasinyaa na kuoza. Kisha hutobolewa mdomo, hujazwa maji nyama ya ndani ioze, hukwanguliwa, huoshwa tena na tena uchungu uishe. Uchungu ule, aliyewahi kuuonja hausahau.

Lakini kwangu mimi ufundi mkubwa wa bibi uko kwenye mbegu. Hachukui ya kibuyu chochote. Kile kizuri kuliko vyote, chenye ganda nene na shingo ndefu, ambacho mwingine angekiuza kwanza, ndicho anachokipasua apate mbegu. Na hupanda mbali na vibuyu vya majirani, maana nondo hawajui mpaka wa kibanja. Chavua ikichanganyika, msimu unaofuata umbo limeharibika. Umbo analolitunza alilipokea kwa mama mkwe wake, naye alilikuta.

Asili ya kibuyu ni Afrika. Mwaka 2014 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya vibuyu vya kale vya Amerika waliona kwamba ukoo wake unatoka huku kwetu, na wakaeleza kwamba yaelekea vilielea vyenyewe kuvuka Atlantiki, mbegu zikiwa salama ndani. Mmea uliovumilia bahari nzima unatushinda kuutunza nyuma ya jiko!

Siku hizi rubisi ya kupeleka ukweni inabebwa kwenye madumu ya manjano yaliyokuwa ya mafuta ya kula. Wazee wanaipokea, wanashukuru, wanakunywa. Hakuna anayeuliza kibuyu kiko wapi, na hilo linaniuma kuliko dumu lenyewe. Dumu hununuliwa asubuhi likatumika jioni. Kibuyu kinataka mtu aliyefikiria harusi msimu mzima kabla.

Mabinti wa bibi wako Mwanza na Bukoba, na hakuna aliyeomba mbegu. Duka la pembejeo pale Kayanga litakuuzia kabichi na nyanya, pakiti zina picha nzuri. Umbo hili halimo kwenye pakiti yoyote. Anayelitaka aende kwa bibi, tena aende kabla ya mvua za vuli.